Mgeni Ndiye Atakayemwitikia Mama Yangu

Lalla Tuda mpendwa,

Salamu za heri zikufikie hapo ulipo. Naja kwako na mzigo ambao siwezi kuutua mbele ya mtu yeyote hapa Midelt, kwa sababu mimi nina saluni ya nywele, na neno likisemwa saluni asubuhi, adhuhuri limeshafika sokoni limevaa na joho la jalaba. Naomba unijibu katika safu yako, na jina langu ulifiche, na ya wenzangu uyabadilishe, maana mama yangu hasomi gazeti lakini majirani wanasoma.

Naishi na mama yangu, anaitwa Itto, tuko wawili tu tangu baba afariki, yeye juu na mtambo wake wa kufumia mazulia, mimi chini na saluni yangu, tunapikiana, tunauguzana, na sijawahi kumpunguzia kitu, hilo naapa. Mama ni mtu wa milimani, lugha yake ni Kiamazighi, baba alikuwa wa Meknes, mtu wa Kiarabu, na baba alisema mapema kabisa kwamba mtoto akienda shule na ulimi wa milimani watamcheka, basi Kiamazighi kikaachwa nje ya mlango pamoja na viatu vyenye tope, mama akatii, akanilea kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, na mimi nikakua hivyo hivyo, najua mkate, najua maji, najua njoo, basi. Hata leo wateja wakiwepo na mama akishuka akasema jambo kwa lugha yake, mimi humwambia, mama, sema Kiarabu tukuelewe, naye husema, na sikuwahi kuona ubaya.

Msimu wa matufaha uliopita tukapokea mwanafunzi, msichana wa Norwei anaitwa Marit, mrefu, mwenye haya, anajifunza Kiamazighi, na shule yake humweka kila mwanafunzi katika nyumba ya watu ili lugha aikute jikoni. Nilimkubali mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu. Nilifikiri mama atapata wa kuongea naye mchana nikiwa na kazi, na kweli alipata, Lalla, alipata mno. Siku chache tu nikaanza kusikia kicheko huko juu, kicheko kikubwa cha tumbo, nikadhani jirani amekuja, kupanda ngazi nikakuta ni mama. Nimeishi naye maisha yangu yote na kicheko kile sikukijua.

Sasa sikiliza. Mwalimu wao amewaagiza kila wiki waandike waliyoyaona katika nyumba wanayoishi, watu wanakulaje, wanaagana vipi, wanagombana vipi, halafu chini yake mtu ajiandike na mwenyewe, yule aliyekuwa akitazama alikuwa nani siku hiyo, aliona haya wapi, alikosea nini, alijifanya ameelewa lini na hakuelewa. Mimi nilipoambiwa nilicheka, nikauliza, hii ni shule au ni toba? Lakini Marit anaandika kwa moyo mmoja, tena kwa Kiamazighi, na kila Ijumaa tukimaliza kula kuskus anatusomea, ili mama amsahihishe. Na mimi nakaa hapo, katika nyumba yangu, kwenye sinia yangu, nauliza, amesema nini, amesema nini, na wao wananijibu baadaye, wakishamaliza kucheka.

Ijumaa ya kwanza aliandika juu ya nyama. Aliona mama anaisukuma nyama upande wa kila mtu na upande wake unabaki mboga, akadhani mama hapendi nyama, akawa anaila yote aliyosukumiwa ili asionekane mwenye dharau, mpaka siku moja akamkuta mama jikoni anafuta mafuta ya sufuria kwa mkate. Akaandika kwamba amekula fungu la mama akidhani anaonyesha heshima. Mama alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka sana, Lalla, kwa sababu mimi nimekula upande wangu wa sinia miaka yote na jambo hilo sikuliona.

Tukaenda hivyo majira ya baridi. Halafu Ijumaa moja alisoma, mama hakusahihisha hata neno. Akainama, akashika pindo la nguo yake, nikaona analia, na wote wawili wakanitazama mimi kisha wakatazama sinia. Nikasema kwa ukali, hiyo nisomeeni kwa Kiarabu. Marit Kiarabu chake ni cha kuungaunga, akajikaza, akasema polepole:

“Niliandika, mama yako ana sauti mbili. Juu, kwenye zulia, ana sauti kubwa. Chini, kwa Kiarabu, ana sauti ndogo, ya mtu anaomba ruhusa. Na chini ya ukurasa niliandika habari yangu. Niliandika, mimi napenda sauti kubwa, lakini nimekaa mahali pa mtu mwingine.”

Damu ilinipanda. Nikamwambia, “Wewe umekuja kujifunza lugha au umekuja kuniibia mama?”

Akasema, “Hilo pia nimeliandika.”

Ungefanya nini hapo? Nilishuka nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Lakini hilo silo lililoniua, lililoniua ni zulia. Marit alipofika mama alikuwa anamalizia zulia moja, jekundu lenye rangi ya manjano pembeni, zuri, na likaisha wakati matufaha ya mwisho yanashushwa na wakulima. Likaisha, lakini hakulikata. Limesimama kwenye mtambo wake majira yote ya baridi, limechukua nusu ya chumba, na mimi nilikuwa nataka kupandisha huko kiti changu kimoja cha kukaushia nywele, kila nikiuliza mama anasema bado. Jioni nikifunga saluni ananiita, njoo uone zulia, mimi namwambia nimechoka mama, nimesimama tangu asubuhi, kesho. Sasa wewe unajua kwa watu wa milimani zulia halikatwi na mtu mmoja, mmoja anakata na kusema maneno, mwingine anarashia maji zile nyuzi na kuitikia, maana wanasema zulia lilizaliwa siku lilipotungwa na siku ya kukatwa linakufa, na maiti haoshwi na mtu mmoja. Aliyekuwa akimwitikia mama ni jirani yetu bi Hadda, naye alihamia mji wa Tanja kwa mwanawe kabla Marit hajaja.

Wiki iliyopita mama akaniambia, kwa Kiarabu, kwa ile sauti ndogo, “Zulia nitalikata theluji ikianza kuyeyuka, niweze kulifua mtoni. Marit ataniitikia.”

Nikauliza, “Na mimi?”

Akasema, “Wewe una wateja, mwanangu.”

Hakuwa na hasira, Lalla Tuda. Ningeona afadhali angenikasirikia. Alisema kama mtu anayenihurumia, akaendelea kumenya viazi, na mimi nikasimama pale na kitana mkononi nisijue nikiweke wapi.

Basi kesho yake nikamvizia Marit mlangoni nikamwambia atafute nyumba nyingine kabla theluji haijayeyuka. Hakubisha. Aliinamisha kichwa, akasema, sawa dada, akaomba jambo moja tu, amuage mama mwenyewe. Nikamkatalia. Nikamwambia, mama nitamwambia mimi, kwamba shule imekuhamisha. Ameshafunga mizigo yake, iko chini ya kitanda, na mama bado anamfundisha maneno ya zulia kila siku, hajui kitu. Juzi nimemsikia anamwimbisha, na yule msichana anarudia, anarudia, na sauti ya mama ni ile kubwa.

Na sasa nimekwama. Marit akienda, hakuna wa kuitikia. Akibaki, nitasimama mlangoni mwa chumba kile kama mpita njia huku mgeni anamwitikia mama yangu mzazi. Nimefikiria kumtafuta mwanamke mmoja wa milimani, nimlipe, aje aitikie siku hiyo, mambo yaishe. Niambie kama nimekosea kumfukuza, maana nimeshalala na jambo hili hata usingizi haunijui tena. Ni dhambi mtu mzima wa umri wangu kumwonea wivu mtoto wa watu kwa ajili ya mama yake?

Wako,
Mwenyeji aliyegeuka mgeni, Midelt

*

Binti yangu wa Midelt,

Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Si dhambi. Kwa mama mtoto hakui, hata akiwa na mvi. Uliposikia kicheko kile kwenye ngazi ukaumia, uliumia kwa kuwa unampenda, na niliposoma pale ulipoosha vyombo safi nilitaka nikae nawe jikoni nivifute. Pole, mwanangu. Pole kweli.

Nimemaliza kukupa pole. Sasa kaa vizuri.

Hilo la kumlipa mwanamke aje amwitikie mama yako, lifute, na usilitamke mbele ya mtu. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Mama yako hajapungukiwa na mwanamke wa kuitikia, Midelt imejaa wanawake wa milimani, angetaka angemwita yeyote kwa glasi ya chai ya nanaa. Na uongo wa kwamba shule imemhamisha Marit nao ufute leo hii, kabla hujatoka mdomoni. Utamnyang'anya mama yako mtu anayempenda, halafu umwache akijiuliza mwaka mzima amemkosea nini yule msichana hata aondoke bila kuaga. Kwetu sisi hata muuza mkaa humtoi mlangoni bila kwaheri.

Kuhusu baba yako, Mungu amrehemu, watakuja watu wakutupie methali, watakwambia mwacha asili ni mtumwa. Mimi sikutupii. Baba yako alikuogopea kicheko cha watu, na mama yako akaukunja ulimi wake akauweka sandukuni ili wewe usichekwe. Ulikuwa mtoto, hukuchagua. Lakini ule mwaka wako wa kwenda shule umepita zamani, binti yangu, na hakuna anayekucheka tena. Anayemwambia mama yako “sema Kiarabu” mbele ya wateja ni nani? Baba yako hayupo saluni. Ni wewe. Hapo unachagua.

Sasa tumfikie Marit. Unasema amekuibia. Mimi naona msichana aliyekula nyama ya mwenyeji wake kwa kutojua, akaliandika kosa lake, akalisoma kwa sauti mbele ya aliyemkosea. Wangapi kati yetu tungeweza? Akaandika kwamba amekaa mahali pa mtu mwingine. Ulipomtukana kwamba ni mwizi, akakwambia hilo nalo ameliandika. Mwizi gani huandika jina la mwenye mali na kulisoma kila Ijumaa akimtazama usoni? Yule mtoto amekuwa akikushikia kiti, wewe unadhani amekikalia. Na mizigo yake iko tayari chini ya kitanda, nyepesi hivyo, kwa neno lako moja. Wizi haufanani na hivyo.

Mwalimu wake amewafundisha jambo la maana, na nimelijaribu juu ya barua yako. Andika ulichokiona, kisha umwandike aliyekuwa akitazama. Wewe umeandika nusu ya kwanza vizuri kushinda wengi wanaoniandikia. Umekiona kila kitu. Umeiona sinia, umeusikia ulimi, umeliona zulia na rangi yake ya manjano pembeni. Mtazamaji ndiye uliyemruka, kwa hiyo umeandika jambo kubwa kuliko yote bila wewe kulijua, ukalipita ukikimbilia kiti cha kukaushia nywele.

Mimi nimezaliwa katika nyumba yenye mtambo. Nyanya yangu na mama yangu wote walifuma, nami nimeshika bakuli la maji tangu sijafika kiunoni mwao. Nikwambie jambo ambalo mfumaji yeyote wa milimani atakwambia. Zulia likiisha, hukatwa. Haliachwi. Wanasema zulia lililokwisha likiachwa mtamboni ni sawa na mgonjwa aliyezuiwa asipumzike, na nyumba nzima haitulii. Mama yangu alipata kukata zulia akiwa na homa, amefungwa kitambaa kichwani, kwa sababu lilikuwa limeisha na hakuweza kulala nalo chumba kimoja.

Sasa zulia la mama yako limeisha matufaha yakishushwa. Bi Hadda ameshahama. Marit yumo ndani ya nyumba, anajifunza haraka, maneno yenyewe ni machache, angeyashika kwa siku mbili. Mbona mama yako hakulikata wakati ule? Mbona alivuka baridi yote ya Midelt, nami naijua baridi ya Midelt, na zulia lililokwisha limemsimamia kichwani? Na kila jioni, mlango wa saluni ukifungwa, alimwita nani aje alione? Marit yuko naye mchana kutwa, hana haja ya kuitwa.

Alikuwa anakungoja wewe, binti yangu. Alisema bado, bado, majira mazima, na wewe ukasema kesho. Akashindwa kukuomba, kwa sababu kukuomba kwa Kiarabu neno hilo halina mahali pa kukaa, na kukuomba kwa lugha yake umemkataza mbele ya watu. Theluji inaanza kulegea ndipo akamgeukia mgeni, na hata hapo alikuja kukwambia wewe, akakupa na udhuru mkononi ili usione haya. Una wateja. Ulipouliza “na mimi?” viazi vile alikuwa akivimenya kwa mikono ya namna gani? Hukutazama. Katazame.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, ukishaisoma hii, panda kwa Marit kwanza, umwambie afungue mizigo yake. Mwombe radhi kwa maneno mafupi, hapendi makubwa, na mwambie unataka kile kiti alichokushikia. Atafurahi kuliko unavyodhani, na Ijumaa ataliandika, na wewe utakaa usikilize. Yeye siku hiyo atashika bakuli. Bakuli si jambo dogo, mimi nimelishika miaka, na mahali pa wanawake watatu mbele ya mtambo pamekuwepo daima.

Kisha nenda kwa mama yako. Usingoje jioni. Tundika kitambaa mlangoni kuonyesha umefunga, wateja wa Midelt hawatakufa kwa nywele. Vua viatu, kaa chini mbele ya zulia upande wa yule anayeitikia, Marit atakuonyesha ni upande gani, na umwambie kwa Kiarabu chako hicho hicho: mama, nifundishe. Usiongeze neno. Usijieleze, usilie kabla yake, usimkumbushe baba.

Najua sasa unatafuta mstari unaofuata, unataka nikuandikie maneno yenyewe ili uende umeshayajua. Ninayajua. Nilipokuwa naandika hapa nimeyasema peke yangu mezani, maana aliyekuwa akikata zulia nami nikimwitikia hayupo tena. Lakini sikuandikii. Ukiyasoma kwenye gazeti utakuwa umeyapata kwangu, na mimi si mama yako. Yachukue kinywani mwake, angali yu hai na kinywa anacho.

Utakosea. Utayavunja maneno vipande, utayaweka nyuma mbele, naye atacheka kile kicheko ulichokisikia kwenye ngazi, safari hii atakuwa anakucheka wewe, na Marit atacheka kwa adabu nyuma ya bakuli. Acha wacheke. Rudia. Akikuambia tena kwa lugha yake nawe hujaelewa hata kidogo, mwache aseme mpaka amalize, na usimwambie aseme Kiarabu.

Lalla Tuda